Usiitafute -ji- Katika Kiingereza

Mtu akitaka kuacha kazi, na barua yake ikatakiwa iandikwe kwa Kiingereza, mara nyingi huanza hivi: "I hereby resign myself from the post of accountant." Sentensi hiyo imefikiriwa kwa Kiswahili. Kwetu mtu hujiuzulu. Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika wadhifa wake, na anayejiuzulu amejiondoa mwenyewe, kwa hiyo "myself" inaonekana kustahili kuwapo. Kwa Kiingereza haistahili. Anayeacha kazi "resigns", basi, na akitaja anachokiacha huongeza "from". Ukiiingiza "myself" unakuwa umehamia kwenye kitenzi kingine kabisa, kwa sababu "to resign oneself to something" ni kulikubali jambo usilolipenda kwa kuwa huna la kufanya. "She resigned herself to waiting" ni mama aliyejua kuwa basi halitakuja upesi, akaketi kituoni na kunyamaza. Mwandishi wa barua alitaka kutangaza uamuzi. Msomaji wake anasikia unyonge.

Nimesahihisha barua, ripoti na tafsiri za namna hii kwa muda mrefu, na kosa hili silikuti kwa watu wasiosoma. Ninalikuta kwa wahasibu, wauguzi na walimu, kwa sababu halitokani na uvivu. Linatokana na nguvu ya lugha yetu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba karibu kila kitu ndani yake. Chukua "wanajivunia": watendaji wamo, wakati umo, -ji- inasema kuwa tendo linawarudia wao wenyewe, na ile i inayotofautisha kujivuna na kujivunia inasema kuwa kuna jambo linalolengwa. Kiingereza huyagawa hayo katika maneno manne yanayosimama mbalimbali: "they pride themselves on". Anayetoka kwetu kwenda huko inabidi ajue lipi linaongezwa, lipi linaachwa na kihusishi kipi kinafuata, na hakuna kanuni moja itakayomwongoza kwa vitenzi vyote. Ndiyo maana ushauri wangu mkuu ni kuacha kutafsiri -ji-. Kitenzi cha Kiingereza kijifunze kikiwa kizima, pamoja na "self" yake kama ipo na kihusishi chake kama kipo, tangu siku ya kwanza unapokutana nacho.

La maumbo ni jepesi, tulimalize upesi. Sisi tuna -ji- moja kwa watu wote: najitetea, unajitetea, wanajitetea. Kiingereza kina maumbo manane: myself, yourself, himself, herself, itself, ourselves, yourselves na themselves. "Yourself" ni ya mtu mmoja na "yourselves" ni ya wengi, kama tunavyotofautisha jitetee na jiteteeni. "Hisself" na "theirselves" utazisikia mitaani hata Uingereza kwenyewe, lakini usiziandike. Na kwa kuwa "a-" yetu haijali kama ni mwanamume au mwanamke, kila ukifika kwenye "himself" au "herself" rudi nyuma uone sentensi ilianza na nani. "My mother introduced himself" huponyoka hata kwa mwenye shahada mbili.

Kundi linalosumbua zaidi ni la vitenzi ambavyo kwetu vina -ji- na kwao havina kitu. Kujiunga na chama ni "join the party", bila "myself" na bila "with", ingawa ile "na" inakuvuta uiandike. Kujifunza ni "learn". Kujiandikisha ni "register". Kujitahidi ni "try hard". Kujifanya mgonjwa ni "pretend to be ill". Kujisikia vibaya ni "feel unwell". Ukimwambia daktari wa Kiingereza "I feel myself bad" atakuelewa kwa huruma, lakini "feel myself" masikioni mwake inakaribia kuwa kujipapasa.

Kazi za mwili za kila asubuhi nazo huenda bila "self". "He washed, shaved and dressed" inatosha. "Self" hurudi pale ambapo kuweza kufanya hivyo ndiyo habari yenyewe: mtoto aliyeanza kuvaa nguo bila msaada "can dress herself", na mgonjwa aliyepooza akapata nafuu "can wash himself now". Kwenye maongezi, Waingereza hupenda zaidi "get": "get dressed", "get ready", "get involved". Kujiandaa kwa safari ni "get ready for the journey", na hilo litakufaa mara nyingi kuliko "prepare myself", ambayo ina uzito wa mtu anayeutayarisha moyo wake kupokea habari ngumu.

Linganisha sasa kujiepusha na kujikinga, kwa sababu hapa ndipo ubaya wa kutafsiri neno kwa neno unapoonekana wazi. Kujiepusha na pombe ni "avoid alcohol". Kitenzi "avoid" kinamaliza kila kitu, hakitaki "yourself" wala "from". Ukiwa na hamu ya kihusishi, chagua kitenzi kingine: "keep away from alcohol" au "abstain from alcohol". Lakini kujikinga na malaria ni "protect yourself from malaria", au "against malaria", na hapa "yourself" ikikosekana sentensi inaning'inia, maana "protect" lazima iambiwe inamkinga nani. Kwetu ni -ji- ileile na "na" ileile. Kwao ni njia mbili zisizokutana.

Upande wa pili vipo vitenzi vinavyodai "self" mahali ambapo sisi hatuna habari nayo. Cha kwanza ni "enjoy". Afrika Mashariki nzima, mtu akitoka harusini huulizwa "Did you enjoy?" na hujibu "Yes, I enjoyed so much." Kwa Kiingereza sanifu, "enjoy" ni lazima ipewe kitu cha kufurahia: "I enjoyed the wedding", na kama hutaki kutaja kitu, "I enjoyed myself". Ni kweli wahudumu wa mikahawa, hasa Marekani, huweka sahani mezani na kusema "Enjoy!", lakini hiyo ni amri ya neno moja, wala haikupi ruhusa ya kuandika "we enjoyed" kwenye ripoti.

Kisha vipo vya ajali ndogondogo za mwili. Sisi tunasema nimeungua, nimeumia, nimekatwa na kisu, kana kwamba kisu ndicho kilichotenda. Mwingereza husema "I've burnt myself", "I've hurt myself", "I cut myself with a knife", na hamaanishi hata kidogo kuwa alikusudia. Mpishi aliyejikata kidole akikatakata vitunguu, kisha akaandika kwenye fomu ya hospitali "I was cut with a knife", amemfanya msomaji aulize ni nani aliyemkata. Fomu kama hizo husomwa na watu wa bima na wakati mwingine polisi, kwa hiyo tofauti hiyo si ya walimu wa sarufi peke yao.

Vihusishi ndivyo vinavyohitaji uvumilivu zaidi. Kiswahili kinavyo vichache, kwa kuwa kazi kubwa hufanywa na kauli ya kutendea na ile -ni ya mahali. Tunatoka sokoni, tunaingia sokoni na tupo sokoni, na kitenzi ndicho kinachoeleza mwelekeo. Kwa Kiingereza inabidi uchague "from", "into" au "at" kila mara. Katika vitenzi vyenye "self" chaguo hilo limekwisha kufanywa na desturi, na kazi yako ni kulifuata.

Anza na "to", kwa sababu ndiyo yenye mtego mbaya kuliko vyote. Baada ya "devote oneself", "dedicate oneself", "resign oneself" na "accustom oneself" huja "to", na hiyo "to" ni kihusishi. Siyo ile "to" inayotangulia kitenzi kama "ku-" yetu. Kwa hiyo kinachoifuata ni nomino, au kitenzi kilichovaa -ing: "She devoted herself to teaching." Wengi wetu huandika "devoted herself to teach" kwa sababu kwa Kiswahili tungesema alijitoa kufundisha. Kuna kipimo rahisi: jaribu kuweka nomino ya kawaida baada ya "to". Kama "devoted herself to her pupils" inakubalika, basi "to" hiyo ni kihusishi na kitenzi kitakachofuata kitataka -ing.

Jambo linalofariji ni kwamba kihusishi mara nyingi hubaki na familia yake. "Commit oneself to" huzaa "be committed to" na "commitment to". "Familiarize oneself with" huzaa "familiar with". "Rely on" huzaa "reliant on" na "reliance on". Ukijifunza mmoja umewapata ndugu zake. Lakini kujivunia kwa Kiingereza ni familia iliyotawanyika, na inafaa ukariri wote watatu kwa pamoja: "pride oneself on", "be proud of", "take pride in". "The school prides itself on its discipline." "The school is proud of its discipline." "The school takes pride in its discipline." Ni jambo lilelile lenye vihusishi vitatu tofauti, na mtahini wa Kiingereza anapenda sana kupita hapo.

Mfano wa familia ambao Watanzania wanaufahamu bila kujua kuwa ni somo la sarufi ni kujitegemea. Azimio la Arusha la Februari 1967, na andiko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea lililofuata Machi mwaka huohuo, vilizoesha masikio ya dunia neno "self-reliance". Kitenzi chake ni "rely on oneself" au "depend on oneself". Nomino inapoundwa, "on" huanguka na "self" huja mbele. Kuna maneno mengi ya aina hiyo, na mara nyingi yanafaa kuliko kitenzi: anayejiajiri "is self-employed", wala hasemi "I employ myself", anayejiamini "is self-confident", wala hasemi "I believe myself", ambayo maana yake ni kuwa anayasadiki maneno yake mwenyewe. Angalia pia kwamba mtu hutegemea "on" lakini akijitegemea huwa "independent of", si "independent from".

"Avail" inastahili aya yake. Katika ofisi nyingi za Kenya husikika "Please avail the documents", yaani leta hati, na kila mtu pale anaelewa. Sina ugomvi na matumizi ya nyumbani; Kiingereza cha Afrika Mashariki ni cha watu wake na kina haki ya kuishi. Lakini barua inayokwenda London au Toronto itasomwa na mtu anayejua umbo moja tu: "avail oneself of", yaani kuitumia fursa iliyopo. "I availed myself of the free training." Vyote viwili, "myself" na "of", ni lazima. Kwa hati sema "provide the documents" na usitafute makuu.

Kuna vihusishi vinavyoongezwa pasipohitajika, na chanzo chake kinajulikana. Kuzungumzia suala hutufanya tuandike "discuss about the matter", na kusisitiza hutupeleka kwenye "emphasize on". Nomino ndizo zenye vihusishi hivyo: "a discussion about", "an emphasis on", "a request for". Vitenzi vyake huenda moja kwa moja kwenye kitu: "discuss the matter", "emphasize the point", "request a meeting". Ukikamata kwamba kihusishi kimevuja kutoka kwenye nomino, hutakosea tena.

Pengine mtu atasema kihusishi ni kijineno tu na maana itafika hata kikikosekana. Kwa vitenzi vingine si kweli. "He exposed himself to danger" ni mtu aliyejiweka hatarini. Ondoa "to danger", useme "He exposed himself", na umesema kwamba alionyesha uchi wake hadharani, ambalo ni kosa la jinai. "He was relieved of his duties" ni mtu aliyeondolewa kazini; "He relieved himself" ni mtu aliyekwenda haja. Sisi nasi tunayo tahadhari yetu hapo. "Help yourself" mezani ni karibu, jipakulie. Mkalimani akisema "jisaidieni" mbele ya wageni wa heshima amewaelekeza chooni. Na "help oneself to" ikihusu mali ya umma ina ukali: "He helped himself to the funds" ni kusema kwamba alizichota fedha zisizo zake. "Apply" nayo hubadilika hivyohivyo. "Apply for a job" ni kuomba kazi. "Apply yourself to your studies" ni kukazana na masomo, na wanafunzi wengi wa Uingereza huikuta kwenye ripoti zao za shule pale mwalimu anapowaona wavivu.

Linakuja swali ambalo hata wanaojua Kiingereza sana huniuliza: baada ya kihusishi, tuandike "me" au "myself"? Tazama kihusishi ni cha nani. Kikiwa ni cha kitenzi, na anayetenda ndiye anayetendwa, weka "self": "She was talking to herself", "He looked at himself in the mirror." Kikiwa kinaonyesha tu mahali, kiwakilishi cha kawaida hutosha: "She shut the door behind her", "Take an umbrella with you", "I have no money on me." Kiingereza cha zamani kilitumia viwakilishi vya kawaida mahali pengi zaidi, na anayeisoma Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 hukuta "me" na "him" ambapo leo tungeandika "myself" na "himself". Hizo za mahali ndizo zilizosalia hadi leo. Chunga "beside": "He sat beside him" ni kuketi kando ya mtu mwingine, na "He was beside himself with anger" ni mtu aliyepandwa na hasira hadi akili zimemtoka.

Kuna mahali ambapo Mswahili anamzidi mwanafunzi wa lugha nyingine nyingi, naye aitumie nafasi hiyo. Sisi hatuchanganyi walijiua na waliuana. Lugha kadhaa za Ulaya, Kifaransa kikiwa mojawapo, hutumia umbo moja kwa yote mawili. Kwa hiyo -ji- inapohitaji neno, neno ni "themselves", na -an- inapohitaji neno, neno ni "each other". "The brothers killed themselves" na "The brothers killed each other" ni habari mbili za polisi zenye maiti walewale na mashtaka tofauti. Tahadhari ni kwamba vitenzi vingi vya kutendana havihitaji chochote: kukutana ni "meet", kupigana ni "fight", kuoana ni "marry". Na "na" ya kuoana na mtu isikudanganye. Ni "she married a doctor" au "she got married to a doctor", kamwe si "married with a doctor".

"Mimi mwenyewe naona" nayo imezaa "Myself I think", na siku hizi watu wazima wa ofisini huandika "Please contact myself" wakidhani ina adabu zaidi. Waingereza pia wanaifanya, lakini haiongezi adabu yoyote. "Contact me" ni heshima tosha, na "My wife and I will attend" ni bora kuliko "My wife and myself".

Kuhusu kujifunza, nunua au azima kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, siyo ile ya wenye lugha. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha Japani, ndiye aliyeifungua njia hii. Kamusi yake ilitoka Tokyo mwaka 1942, ikachapishwa tena na Oxford mwaka 1948, na ndiyo mama wa Oxford Advanced Learner's inayouzwa leo. Hornby aliona kwamba mgeni hahitaji maana peke yake, anahitaji kujua kitenzi kinakaa vipi katika sentensi. Ndiyo sababu chini ya "pride" utakuta kitenzi kimeandikwa pamoja na "yourself on", kwa wino mzito. Soma sehemu hiyo kabla ya maana. Kisha andika kwenye daftari kifungu kizima na sentensi inayohusu maisha yako, maana sentensi ya kukopa husahaulika.

Jaribu sasa jicho lako kwenye barua hii ya kuomba kazi, ambayo nimeitunga kutokana na makosa ninayoyaona kila mara: "I wish to avail this opportunity to apply myself for the post of clerk. I pride for being hardworking and I have dedicated myself to serve the community. I have familiarized with computers and I can work by my own. I look forward to hear from you."

Sentensi ya kwanza ifupishwe iwe "I wish to apply for the post of clerk". "Avail" haina kazi pale, na "apply myself" ni kukazana na masomo. Ya pili iwe "I pride myself on being hardworking and I have dedicated myself to serving the community", kwa sababu zilezile tulizoziona. "Familiarized" inadai "myself". "By my own" ni vifungu viwili vilivyogongana, "by myself" na "on my own", na chochote kati ya hivyo kinafaa. Na ile "to" ya mwisho, inayofunga barua nyingi kuliko neno lolote, ni kihusishi kama ya "devote oneself to": "I look forward to hearing from you."